MT-09 yangu inazama nikishika breki: nibadilishe shokapu au ninunue SP?

"Shikamoo fundi. Nina Yamaha MT-09 ya 2021, ile ya kawaida. Niliinunua ikiwa imetumika na sasa imetembea kilomita 23,000. Nyumbani ni Moshi, kazi iko Arusha, naenda Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Nina kilo 94. Shida zangu ni mbili. Nikishika breki kwa nguvu pua inazama hadi nasikia imegonga mwisho, na nikipita kwenye rasta, ile mistari ya vituta vidogo barabarani, mikono inatetemeka mpaka mabegani. Jamaa mmoja alinikazia springi na skrubu zote, ikawa mbaya zaidi. Mwingine ananishauri niweke oili nzito mbele. Sasa kuna mtu Nairobi anauza MT-09 SP, lile toleo la juu, ya mwaka huohuo, yenye shokapu ya dhahabu. Nikiuza yangu nitaongeza kama milioni sita. Niichukue hiyo SP, au hela hizo nizitumie kubadilisha shokapu za hii niliyonayo?"

Marahaba kijana wangu. Umenifurahisha kwa jambo moja: umetaja uzito wako. Watu wananijia na maswali ya shokapu, wananitajia mwaka wa pikipiki, rangi, hadi aina ya ekzosi, ila kilo zao hawazitaji, na bila kilo mimi sina la kusema.

Naona umefunga maswali mawili kwa kamba moja. La kwanza ni kwa nini pikipiki yako inazama na kutetemeka. La pili ni milioni sita ziende wapi. Umelikazia la pili kwa sababu ndilo lenye hamu, nami nakuelewa, lakini ukilijibu la kwanza huenda la pili likajibika kwa hela kidogo sana. Nikwambie mapema ili usisome ukiwa na presha: kwa hali yako, usiuze. Sababu ninazo, ila kwanza tuingie ndani ya shokapu.

Humo mna vitu viwili vyenye kazi tofauti, na watu huvichanganya. Springi inabeba. Oili inatuliza. Springi ukiibonyeza inaweka akiba ya lile pigo kisha inalirudisha lote, haina adabu ya kutulia. Ingekuwa peke yake, ungetoka Tengeru hadi Usa River ukidunda kama mtoto kwenye godoro la wageni. Anayeituliza ni oili. Ndani kuna pistoni yenye matundu, na juu ya matundu zimepangwa shimu, yaani vyuma vyembamba vya duara kama sarafu zilizopondwa. Oili inalazimishwa kupenya hapo, inapata ugumu, na ule ugumu ndio unaogeuza nguvu ya pigo kuwa joto. Ndiyo maana ukishika shokapu ya boda iliyotoka njia mbovu na mzigo utaikuta ina uvuguvugu.

Oili ina milango miwili. Mmoja unafanya kazi shokapu inapobonyea, mafundi tunauita kompresheni. Wa pili unafanya kazi inaponyooka kurudi, huo tunauita ribaundi. MT-09 yako ya kawaida ya 2021 ina skrubu za milango yote miwili mbele, na nyuma ina ya ribaundi. Halafu kuna marekebisho ya prilodi, yaani ni kiasi gani springi inabanwa kabla hujakaa juu yake.

Hapa kwenye prilodi ndipo uongo mwingi wa vijiweni ulipozaliwa. Kukaza prilodi hakufanyi springi iwe ngumu. Chukua mfano: kila mguu wa mbele una springi inayotaka kama kilo 0.9 ili ibonyee milimita moja. Miguu miwili, kilo 1.8. Ukikaza prilodi hadi mwisho, kila milimita inayofuata bado inataka kilo 1.8 zilezile. Kilichobadilika ni pikipiki inakaa juu kidogo, na kule chini umejiongezea akiba ndogo. Kama springi ni laini kwa kilo zako, itabaki laini, ila sasa ni laini iliyosimama kwa vidole.

Sasa rasta. Hizi nataka tuzitazame kwa karibu, maana ndizo zinazokutesa kila Jumatatu na Ijumaa. Ukitembea kilomita 50 kwa saa unameza karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme mistari ya rasta imeachana nusu mita. Tairi lako la mbele linapigwa mara 28 ndani ya sekunde moja. Kila pigo linaibonyeza shokapu, na kabla ya pigo linalofuata inapaswa iwe imenyooka ili ipate nafasi ya kumeza tena. Yule jamaa aliyekukazia skrubu zote aliufunga mlango wa kurudi. Shokapu ikibonyea hairudi kwa wakati. Pigo la pili linaikuta iko nusu, la tatu linaikuta chini zaidi, na ukifika mstari wa kumi unaendesha juu ya shokapu iliyojikunja mwisho wake, ngumu kama bomba la maji. Mikono yako inahisi ugumu, wewe unadhani springi ni ngumu, kumbe ni laini na imefungiwa chini. Ndiyo maana pikipiki moja inaweza kuzama kwenye breki na kutetemesha kwenye rasta kwa wakati mmoja, jambo linalowachanganya watu wengi.

Kuhusu ile oili nzito: mwambie rafiki yako asante, kisha usifanye. Nilishaifanya mimi. Nikiwa kijana mwenye kiburi cha spana mpya nilimimina oili nzito mno kwenye shokapu za mbele za pikipiki yangu, nikaizungusha pale gereji, ikazama kidogo tu nikishika breki, nikajiona mhandisi. Nikaenda nayo barabara ya Moshi. Kwenye matuta ya kwanza gurudumu la mbele lilikataa kumeza, likaruka, na meno yangu yakagongana hadi nikauma ulimi. Nilirudi Arusha mwendo wa baiskeli. Oili nzito inabana kila kitu: inabana lile tendo la polepole la kuzama kwenye breki, ambalo ungependa libanwe kidogo, na inabana pia lile tendo la haraka la tairi kugonga tuta, ambalo ungetaka liachiwe. Tena zile namba za kwenye kopo, 5W au 10W, si kipimo kimoja kwa watengenezaji wote wa oili ya shokapu. 5W ya huyu inaweza kuwa nyepesi au nzito kuliko 5W ya yule. Fundi anayejua anasoma karatasi ya oili yenyewe, unene wake katika nyuzi 40, siyo rangi ya kopo.

Hapo ndipo SP inapostahili sifa, na sitaibania. MT-09 ya kwanza, ile ya mwaka wa modeli 2014, ilisifiwa kwa injini na kulaumiwa kwa shokapu laini. Yamaha walileta SP mwaka 2018 kwa ajili ya lawama hizohizo. Hiyo ya 2021 uliyoambiwa ina shokapu ya kampuni ya Öhlins nyuma inayorekebishika prilodi, kompresheni na ribaundi, na mbele ina ya kampuni ya KYB ambayo kompresheni yake imegawanywa: skrubu ya mwendo wa polepole na skrubu ya mwendo wa haraka. Na watu wasikudanganye, huo mwendo si wa spidomita. Ni kasi ya shokapu yenyewe. Unaweza ukawa unatembea 30 kwa saa ukaingia shimoni, shokapu ikaenda mbio. Unaweza ukawa 110 umeshika breki taratibu, shokapu ikawa inatembea kama kinyonga. Kwa mtu wa shida kama yako, kuzama kwa breki upande mmoja na rasta upande mwingine, skrubu mbili tofauti ni neema ya kweli.

Na bei ya kiwandani haikuwa ya wizi. Mwaka 2021 huko Marekani ya kawaida iliuzwa dola 9,399 na SP dola 10,999. Tofauti ni 1,600, na ndani yake kulikuwa na shokapu hizo pamoja na kile kifaa cha kushikilia mwendo bila mkono kukaza eksileta. Ukienda kununua shokapu nzuri ya nyuma peke yake, kisha katriji nzuri za mbele, yaani ule utumbo wa ndani wa shokapu unaokuja umekamilika, ukaziagiza kutoka Ulaya, utaipita dola 1,600 kabla mzigo haujagusa forodha. Kwa hiyo mtu ambaye hana pikipiki kabisa, ana hela ya kawaida na amebakiza kidogo kufika SP, mimi humwambia asubiri miezi mitatu achukue SP. Asinunue ya kawaida akijidanganya kwamba atakuwa anaijenga polepole.

Lakini wewe si mtu huyo. Wewe tayari unayo, umeshazoea kelele zake, unajua ilikolala. Na kuna jambo ambalo muuzaji wa Nairobi hatakutajia: springi za SP nazo zimewekwa kwa ajili ya mteja wa makisio, siyo kwa ajili yako. Una kilo 94 uchi. Vaa kofia, koti, buti, tia laptopu na nguo za wiki mgongoni, umepita 105. Aliwahi kuja hapa gereji kijana mwenye mwili kama wako na SP inayong'aa, akilalamika kwamba "dhahabu haifanyi kazi." Tulimpima. Mbele ilikuwa imezama milimita 47 kwa uzito wake tu, kati ya milimita 130 za safari yote ya shokapu, hata hajashika breki. Zilizobaki za kumeza breki, matuta na mashimo zilikuwa chache. Tulibadilisha springi, tukazirudisha skrubu zake katikati, akaondoka. Angefika na ya kawaida, kazi ingekuwa ileile.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya leo ukiwa na rafiki wawili na ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye bomba la mbele linalong'aa, iguse sili ya vumbi. Rafiki mmoja aishike pikipiki wima, mwingine ainyanyue mbele hadi shokapu inyooke yote, kamba isukumwe iguse sili. Sasa iteremshe, kaa taratibu ukiwa umevaa kila kitu, miguu kwenye vikanyagio, usiguse breki. Shuka kwa upole, nyanyueni tena, pima nafasi kati ya sili na kamba. Huo ndio mzamo wako. Kwa njia zetu napenda milimita 35 hadi 40 mbele. Nyuma pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima hadi alama moja kwenye mkia, mara ikiwa imenyooka na mara ukiwa umekaa. Tofauti ya 30 hadi 40 inatosha.

Halafu fanya kipimo cha pili ambacho wengi wanakiruka, cha nyuma, bila mtu juu. Pikipiki kwa uzito wake yenyewe inapaswa izame kidogo, milimita 5 hadi 15 hivi. Kama umekaza prilodi hadi mzamo wako wa kukaa umekuwa mzuri, lakini pikipiki ikiwa peke yake haizami hata kidogo, springi inakwambia waziwazi kuwa ni laini kwako. Hakuna skrubu itakayotibu hilo. Springi ibadilishwe.

Sasa hela zako. Usianze na shokapu, anza na upepo. Tairi zikiwa baridi, kabla hujatoka nyumbani, mbele psi 36 na nyuma psi 42. Wale vijana wa kujaza upepo wanabonyeza kwa kidole wanasema "iko poa". Nunua geji yako. Kisha fungua skrubu alizokaza yule jamaa: ukae kwenye zile namba za kitabu cha Yamaha, hesabu miduara kutoka ilipofungwa kabisa, andika kwenye simu. Ninakuhakikishia rasta zitabadilika siku hiyohiyo, bure.

Baada ya hapo, oili ya mbele. Kilomita 23,000 za vumbi na matuta, na mwenye pikipiki wa kwanza hujui alikuwa mtu wa aina gani, oili hiyo ikimwagwa itatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Ibadilishwe pamoja na sili, iwe oili ya unene wa kitabu na kimo cha kitabu. Siku hiyohiyo, kwa kuwa shokapu zimeshafunguliwa, ndiyo siku ya kuweka springi za kilo zako. Jozi ya springi za mbele huko Uingereza inacheza kwenye pauni 100 hadi 150, bila usafiri na ushuru. Ni hela, lakini ni sehemu ndogo ya milioni zako sita, na ndicho kitu kimoja kitakachobadilisha pikipiki yako kuliko vingine vyote. Ningekuwa nakupa amri ningesema: fanya hapo, kisha endesha miezi miwili usiguse kitu.

Ukiona nyuma bado inayumba kwenye kona za kupanda Marangu au ukibeba abiria, basi nunua shokapu ya nyuma, mpya, iliyoagizwa na springi ya uzito wako. Katriji za mbele ziwe mwisho kabisa, na kwa matumizi yako huenda siku hiyo isifike. Siku ukiuza pikipiki, rudisha shokapu ya kiwandani, ile nzuri uiuze peke yake. Mnunuzi hakulipi shukrani kwa vitu ulivyofunga. Kwa hiyo hizo za zamani zifute, zizungushie gazeti, ziweke juu ya kabati. Usimpe fundi kama chakavu.

Tahadhari mbili za kununua. Shokapu za dhahabu za bandia zipo nyingi, zina stika nzuri kuliko za asili, na ndani ni springi na bahati. Ukikuta bei ni robo ya kawaida, umeshajua. Pili, shokapu nyingi nzuri za nyuma zina nitrojeni yenye msukumo mkubwa ndani yake na zinatakiwa kufanyiwa huduma kwa muda wake. Kabla hujanunua uliza: nani ataifungua, na mashine ya kujaza gesi anayo? Asije mtu akaifungua kwa spana na nyundo chini ya mwembe. Ile gesi inaweza kurusha chuma usoni.

Na hiyo SP ya Nairobi, hata kama ungeitaka, hesabu yako ya milioni sita haijakamilika. Pikipiki iliyosajiliwa Kenya kuja kukaa Tanzania ina mambo ya forodha pale Namanga na usajili wa TRA. Mpelekee wakala wa forodha picha ya kadi yake akupigie hesabu kabla hujatuma hata shilingi ya kushikia. Na ukishaipata, inaweza ikawa nayo imetembea kilomita elfu ishirini na oili yake haijawahi kuguswa, basi unaanza upya palepale ulipo leo.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mapendekezo ya mtu wa mbali kama mimi. Pitisha kidole kwenye bomba la mbele chini ya sili: ukikuta utando wa mafuta, tazama na diski ya breki. Mafuta yakifika kwenye pedi, pikipiki haitembei, inabebwa. Inyanyue mbele, geuza usukani polepole kulia na kushoto. Ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimekula, na hapo utakuwa umelaumu shokapu bure. Kama uliwahi kuingia shimo kubwa hadi rimu ikalia, au usukani unachezacheza wenyewe ukikimbia, usiende nayo Arusha Jumatatu. Panda basi.

Kama hayo yote ni salama, rudisha skrubu, jaza upepo, uendeshe wiki moja, kisha ulete gereji Ijumaa moja kabla hujarudi Moshi. Njoo umevaa koti na buti, na lile begi lako la wiki liwe mgongoni limejaa. Tukikupima umevaa tisheti tutanunua springi za mtu mwingine.